Historia ya Lenzi za Jicho Gonjwa

Watu wengi wamwonapo kijana ameacha miwani na kuvaa lenzi jichoni hudhani ya kuwa chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya urembo, au kwa ajili ya wachezaji na waigizaji ambao miwani huwasumbua. Dhana hiyo ina sababu yake, maana wavaaji walio wengi leo hutaka hayo hasa. Lakini historia inasimulia habari nyingine. Lenzi ya jichoni, yaani ile ivaliwayo juu ya jicho lenyewe pasipo fremu wala mikono ya kushika masikioni, ilizaliwa kwa ajili ya macho magonjwa: macho yaliyochongoka, macho yenye makovu, na macho yaliyopoteza kope, ambayo miwani haikuweza kuyafaa. Macho mazima yalikuja baadaye kama wageni. Na kwa kuwa wageni hao walikuwa wengi na wenye fedha, nusura wamtoe mwenye nyumba nje. Makala haya yanafuata habari za kuzaliwa kwa chombo hicho, kuachwa kwa umbo lake la kwanza, na kurejea kwake.

Ili kuyafahamu yatakayosemwa, yafaa kwanza kulitazama jicho lenyewe. Mbele ya jicho, juu ya mboni, pana utando angavu uitwao konea. Upana wake ni kadiri ya milimita 12, na unene wake katikati hauzidi sana nusu ya milimita. Hauna mshipa wa damu hata mmoja, maana damu ingeizuia nuru. Nuru iingiayo jichoni hupindwa kwanza na konea, na sehemu kubwa ya kazi ya kuipinda ni ya konea kuliko ya lenzi ya asili iliyomo ndani. Konea ikiwa laini na yenye mviringo mwema, miale yote hukutana mahali pamoja nyuma ya jicho, na sura huonekana dhahiri. Ikiwa imebinuka zaidi upande mmoja kwa utaratibu ulio sawa, miwani huweza kuisahihisha. Lakini ikiwa ina mabonde na vilima, kila sehemu hupeleka miale mahali pake, na hakuna kioo cha miwani kiwezacho kuipatanisha yote. Kwa sababu kioo hicho kiko mbali na jicho, na jicho hugeukageuka nyuma yake.

Ugonjwa ulio mashuhuri katika jamii hii ni keratokonasi. Konea hupungua unene, ikalegea, ikajitokeza mbele mithili ya pia ya kuchezea mtoto. Huanza mara nyingi katika ujana, wakati ambapo mtu yumo shuleni au ndiyo kwanza aanze kazi, na huendelea kwa miaka. Mgonjwa huona taa moja kuwa taa nyingi, na kila herufi ya kitabu huifuatia vivuli vyake. Mwaka wa 1854 daktari John Nottingham wa Liverpool alitoa kitabu kizima juu ya konea iliyochongoka, akaupambanua ugonjwa huo na mengine ya jicho. Lakini kuupambanua hakukuwa kuuponya. Madaktari wa karne ile walijaribu kulifunga jicho kwa kitambaa cha kulibana, au kuichoma ncha ya konea kwa dawa kali au kwa chuma cha moto, ili kovu likipona livute na kuisawazisha. Aliyetibiwa hivyo aliweza kuipunguza pia yake, lakini alibaki na kovu katikati ya njia ya nuru.

Wazo la kuisaidia konea kwa kuifunika liliutangulia uwezo wa kulitenda kwa muda mrefu. Mwaka wa 1801 Thomas Young, mtaalamu wa Kiingereza, alichapisha uchunguzi wake juu ya utendaji wa jicho. Alitaka kujua ni sehemu gani ya jicho ibadilikayo mtu atazamapo kitu cha karibu. Alitwaa lenzi ndogo ya hadubini, akaitia katika mdomo wa kijibomba, akaziba kwa nta, akajaza maji, kisha akalitumbukiza jicho lake mwenyewe katika maji hayo. Kwa kuwa maji na konea hupinda nuru kwa kadiri zinazokaribiana, konea ilikuwa kama isiyokuwapo. Hata hivyo Young aliendelea kuweza kuona vya mbali na vya karibu. Akajua ya kuwa badiliko halimo katika konea. Hakukusudia kumtibu mtu, lakini alionyesha jambo ambalo lenzi zote za macho magonjwa zimelitegemea tangu siku ile: konea iliyozamishwa katika maji hupoteza nguvu yake, na ikiwa ina kasoro, sehemu kubwa ya kasoro hiyo hupotea pamoja nayo.

Mwanafalaki John Herschel ndiye aliyelisogeza wazo hilo karibu na mgonjwa. Katika maandishi yake juu ya nuru, yaliyojulikana sana katika chapa ya mwaka wa 1845, alishauri kwamba konea mbovu ifunikwe kwa kibakuli chembamba cha kioo kilichojazwa ute wa mnyama. Au ichukuliwe kalibu ya konea yenyewe, na umbo lake lipigwe chapa katika kitu kiangavu. Ushauri huo ulikaa miaka mingi bila ya mtendaji, na sababu si ngumu kuifahamu. Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye uchungu mwepesi kuamka. Chembe moja ya mchanga yatosha kulifumba jicho na kulitoa machozi. Ilipasa ipatikane kwanza dawa ya kuliganzisha. Dawa hiyo ilijulikana mwaka wa 1884, Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba matone ya kokeini huliondolea jicho uchungu kwa muda. Haikupita miaka mitano, magamba ya kioo yakawa yanajaribiwa katika miji kadhaa ya Ulaya.

La kwanza linalokumbukwa lilitoka katika mji wa Wiesbaden, Ujerumani, katika karakana ya akina Müller, mafundi wa kupuliza vioo waliotengeneza macho ya bandia. Mwaka wa 1887 waliletewa mtu ambaye kope za jicho lake ziliondolewa kwa sababu ya saratani. Jicho lisilo na kope hukauka, likaota vidonda, na mwisho wake huwa upofu. Akina Müller walipuliza gamba jembamba la kioo, jeupe pande zote kama weupe wa jicho na angavu katikati, wakalifunika jicho hilo kwalo. Kwa masimulizi ya mafundi hao, mtu yule alilivaa gamba kwa miaka ipatayo 20, na jicho lake lisipofuke. Gamba hilo halikuwekewa kipimo cha kusahihisha macho. Kazi yake ilikuwa ulinzi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mvaaji huyu wa mwanzo hakutafuta uzuri wala wepesi. Alitafuta kulinusuru jicho lake.

Mwaka uliofuata, 1888, Adolf Eugen Fick, daktari wa macho mjini Zürich, alichapisha makala juu ya kile alichokiita kwa Kijerumani miwani ya kugusa, na jina hilo ndilo lililoshika katika lugha nyingi za Ulaya. Fick alianza kwa sungura: alichukua kalibu za macho yao, akafanyiza magamba ya kioo, akawavalisha. Kisha akachukua kalibu za macho ya maiti, na kwa msaada wa Ernst Abbe wa Jena akapata magamba yaliyosagwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Kabla ya kumvalisha mgonjwa alijivalisha mwenyewe. Nafasi iliyo kati ya kioo na konea aliijaza maji yenye sukari ya zabibu. Baada ya hapo akawavalisha wagonjwa, miongoni mwao wenye konea zilizochongoka. Lakini Fick aliandika pia jambo lisilopendeza: baada ya muda wa saa chache ukungu huingia jichoni, na taa huonekana imezungukwa na duara za rangi kama za upinde wa mvua. Alikuwa ameona dalili ambayo sababu yake haikuthibitishwa kwa miaka zaidi ya 60.

Mwaka huo huo mjini Paris, Eugène Kalt aliwavalisha wagonjwa wa keratokonasi magamba ya kioo, na habari zake zikasomwa na mkuu wake, Photinos Panas, mbele ya baraza la wataalamu wa tiba wa Ufaransa. Kalt alitumaini kwamba kioo kingeibana pia ya konea na kuirudisha mahali pake, kama bendeji ibanavyo kiungo. Tumaini la kuiponya konea kwa kuibana halikudumu. Lakini manufaa ya kuona wakati kioo kimo jichoni yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyobaki.

Wa tatu alikuwa August Müller, asiye wa karakana ya Wiesbaden, aliyetoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Kiel mwaka wa 1889. Macho yake mwenyewe hayakuona mbali hata kidogo, nayo yalihitaji lenzi ya diopta 14. Alijitia magamba ya kioo, akatumia na kokeini, walakini hakuweza kuyavumilia zaidi ya nusu saa hivi. Aliuandika uchungu wake kwa uaminifu, kisha akaacha uganga wa macho akawa daktari wa mifupa. Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Young, Fick na Müller walikilalia kitanda chao wenyewe kabla ya kumwalika mwingine, na kwa hiyo maandishi yao yanaaminika: yanaeleza kilichopatikana, na yanaeleza pia kilichouma.

Tangu hapo kazi ilikwenda polepole. Kiwanda cha Zeiss mjini Jena kilisaga magamba kwa vipimo vilivyopangwa, ili daktari ayajaribu moja baada ya moja mpaka apate lililo karibu na jicho alilo nalo. Shida ilikuwa kwamba vipimo vya kiwanda vilikuwa vya mviringo kamili, na jicho la mtu si mviringo kamili. Hata weupe wa jicho, ambao gamba hulikalia, hauna mwinamo mmoja pande zote. Upande wa pua si sawa na upande wa sikio. Gamba la mviringo huegemea mahali pawili au patatu, likabana mishipa, jicho likawa jekundu, na mvaaji akalitoa.

Aliyeishika shida hiyo kwa mizizi yake alikuwa Josef Dallos wa Budapest. Katika miaka ya mwisho ya 1920 na ya mwanzo ya 1930 alianza kuchukua kalibu za macho ya watu walio hai, kwa rojo laini ambalo huganda juu ya jicho bila ya kuliumiza. Kutokana na kalibu hiyo alitengeneza gamba la kioo, akalitazama jichoni, akalisaga palipobana, akalitazama tena. Mwaka wa 1937 alihamia London kwa mwaliko wa nyumba ya Theodore Hamblin, akaendelea na kazi hiyo huko. Dallos alifundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba gamba lazima liwe la jicho moja la mtu mmoja, lisilomfaa mwingine. La pili, kwamba machozi yaliyo chini ya gamba yasikwame. Lazima yapite na kubadilika. Katika miaka ya 1940 alitumia hata kitundu kidogo ubavuni mwa gamba ili kuyapa njia, na aliona kwamba ukungu ule wa Fick ulipungua. Alikuwa karibu na ukweli, ijapokuwa jina la kilichokuwa kikipungua jichoni lilikuwa halijatajwa bado.

Wakati huo huo kioo kilipata mshindani. Plastiki ngumu na angavu, iliyoingia viwandani katika miaka ya 1930, ilikuwa nyepesi kuliko kioo, haivunjiki jichoni, na hukubali kukerezwa. Mwaka wa 1936 William Feinbloom wa New York alitengeneza gamba lenye kioo katikati na plastiki pembeni. Mwaka wa 1938 István Györffy wa Budapest alitengeneza gamba lililo la plastiki tupu, na Theodore Obrig wa New York alikuwa akifanya vivyo hivyo kwa upande wake. Obrig aliwaachia mafundi jambo jingine litumikalo mpaka leo: kutia jichoni tone la rangi ya fluoresini na kuliangaza jicho kwa nuru ya buluu. Penye machozi hung'aa kijani, na mahali lenzi igusapo konea huwa peusi. Kwa njia hiyo fundi huona kwa macho yake jambo ambalo zamani aliambiwa na mgonjwa kwa kilio.

Kisha mwaka wa 1948 fundi wa miwani wa Los Angeles, Kevin Tuohy, aliomba hataza ya lenzi ya plastiki isiyokuwa na ule ukingo mpana wa kukaa juu ya weupe wa jicho. Ilikuwa ndogo kuliko konea yenyewe, nayo ilielea juu ya machozi na kusogea kila mtu apepesapo kope. Hataza ilitolewa mwaka wa 1950. Kila mpepeso wa kope uliyasukuma machozi mapya chini ya lenzi, na mvaaji aliweza kukaa nayo kutwa. Wakati huo ndipo macho mazima yalipoingia kwa wingi. Vijana wasioona mbali, waliokuwa wakivaa miwani bila ya dhara, walipata chombo kidogo kisichoonekana. Na viwanda vikapata soko ambalo wagonjwa wa keratokonasi, walio wachache, wasingeweza kulitengeneza kamwe.

Si haki kusema kwamba lenzi ndogo haikumfaa mgonjwa. Mwenye pia ndogo aliweza kuivaa na kusoma, na maelfu wamesoma na kufanya kazi kwa lenzi za namna hiyo, hasa mafundi walipojifunza kuzikereza kwa miinamo mingi ili zifuate umbo la konea iliyochongoka. Lakini pia ikizidi kuchongoka, lenzi ndogo hukaa juu ya ncha kama kifuniko juu ya kilele. Huteleza, huanguka mtu ageukapo, na ikisugua ncha siku baada ya siku huweza kuiachia kovu. Kwa mgonjwa kama huyo, na kwa mwenye jicho lililokauka au lisilo na kope, lenzi ndogo ilikuwa mlango mwembamba asioweza kupita. Waswahili wanasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Gamba kubwa, lililokuwa mbachao wa macho magonjwa, likawekwa kando. Likabaki katika mikono ya mafundi wachache na hospitali chache. Mojawapo ilikuwa Moorfields ya London, ambako Frederick Ridley aliendelea kulitumia kwa macho yaliyoharibika.

Msala wa pili ulikuwa laini zaidi. Mjini Prague mwanakemia Otto Wichterle, pamoja na Drahoslav Lím, alibuni plastiki inywayo maji na kulainika kama ute mzito, na habari zake zikachapishwa mwaka wa 1960. Wakubwa wa nchi walikuwa wameikatiza kazi ya lenzi katika taasisi. Kwa hiyo siku za Krismasi ya mwaka wa 1961 Wichterle aliifanya kazi nyumbani kwake. Kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli alitengeneza mtambo mdogo wa kuzungusha kalibu, na humo akatoa lenzi laini za kwanza zilizofaa. Mwaka wa 1971 ziliruhusiwa kuuzwa Marekani, na kutoka hapo zikaenea duniani.

Lenzi laini ilikuwa baraka kwa macho mazima, lakini kwa jicho lenye mabonde haikuwa na msaada mkubwa. Shuka laini ikitandikwa juu ya godoro lenye mabonde, mabonde huonekana yale yale. Kadhalika lenzi laini hulala juu ya konea na kulichukua umbo lake, na kasoro zake ikazichukua pia. Lenzi ngumu haifanyi hivyo: hulishika umbo lake yenyewe, na machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake. Hapo ndipo jaribio la Young la mwaka wa 1801 lilipo, limefichwa ndani ya tone la machozi.

Ili kufahamu jinsi umbo la kale lilivyorejea, yapasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1952 George Smelser na V. Ozanics wa New York walionyesha kwamba konea, kwa kuwa haina mishipa ya damu, hupata oksijeni yake kutoka katika hewa iliyo mbele ya jicho. Watu walipovalishwa miwani iliyozibwa pande zote, iliyojazwa gesi isiyokuwa na oksijeni, waliona ukungu na duara za rangi, sawasawa na alivyoona Fick. Konea ilikuwa imevimba kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo kosa lililowafukuza wavaaji wa magamba makubwa likajulikana. Kioo kiliziba hewa, na plastiki ngumu ya kwanza iliziba vilevile; lenzi ndogo ilistahimilika kwa sababu iliacha ukingo wa konea wazi na kuyasukuma machozi. Umbo kubwa lilikuwa limehukumiwa kwa kosa la kitu kilicholifanyiza.

Katika miaka ya 1970 wanakemia, miongoni mwao Norman Gaylord wa Marekani, walichanganya plastiki ngumu na silikoni, wakapata kitu kigumu chenye kupitisha oksijeni. Kwanza kilitumiwa kwa lenzi ndogo. Kisha mwaka wa 1983 Don Ezekiel, mtaalamu wa macho wa Perth, Australia, alieleza jinsi alivyofanyiza kwa plastiki hiyo gamba kubwa la namna ya zamani, likaalo juu ya weupe wa jicho. Mjini Boston, daktari Perry Rosenthal alishika njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1992 aliasisi taasisi isiyotafuta faida kwa ajili ya wagonjwa wa aina hiyo, na mwaka wa 1994 lenzi yake ikaruhusiwa na serikali ya Marekani.

Lenzi hiyo, iitwayo lenzi ya sklera kwa kuwa sklera ndiyo ule weupe wa jicho, haiigusi konea. Huinuka juu yake kama kuba, ikaegemea weupe, ambao si mwepesi wa uchungu kama konea. Kabla ya kuvaliwa hujazwa maji safi ya chumvi, na maji hayo hukaa mbele ya konea mchana kutwa. Kwa mwenye keratokonasi maji hayo hujaza mabonde, na mbele yake huwa na uso mmoja laini wa kupinda nuru. Kwa yule ambaye ugonjwa wa Stevens-Johnson umemkaushia machozi na kumtia makovu chini ya kope, au ambaye mshipa wa fahamu wa uso umepooza na jicho halifumbi, maji hayo ni dawa na ngao. Mgonjwa huyu ni ndugu wa yule wa Wiesbaden wa mwaka wa 1887. Shida ni ile ile, na umbo la msaada ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba hewa sasa hupita.

Hata kalibu imerejea. Kwa miaka mingi upimaji ulifanywa kwa kutazama miduara ya nuru iliyoakisiwa na konea, kisha kwa mitambo iichorayo konea kama ramani ya milima. Na vyombo vya kukereza vimeongozwa na kompyuta. Lakini kwa macho yaliyoharibika mno wako mafundi wachukuao tena kalibu ya jicho zima, kama Dallos, kisha mtambo huisoma kalibu hiyo na kuikereza lenzi kwa mfano wake. Fundi wa kesho na fundi wa juzi wamekutana juu ya jicho moja.

Yasidhaniwe kwamba lenzi imezishinda tiba nyingine. Konea iliyoharibika kabisa huweza kubadilishwa kwa ya mtu aliyefariki, tangu Eduard Zirm alipofaulu kufanya hivyo mwaka wa 1905. Tangu mwaka wa 2003, habari za madaktari wa Dresden zilipochapishwa, imejulikana pia kwamba vitamini iitwayo riboflavini pamoja na nuru ya urujuanimno huweza kuikaza konea iliyolegea na kuuzuia ugonjwa usiendelee. Marekani iliiruhusu tiba hiyo mwaka wa 2016. Lakini konea iliyokazwa hubaki na umbo lake bovu, na konea iliyoshonwa mara nyingi haiwi mviringo mwema. Kwa hiyo mgonjwa, baada ya kupita mikononi mwa daktari wa upasuaji, mara nyingi huirudia lenzi. Na lenzi ina masharti yake: isioshwe kwa maji ya bomba, maana humo huweza kuwamo vijidudu viilavyo konea, mvaaji asilale nayo bila ya ruhusa, na aonwe na mtaalamu mara kwa mara.

Sharti lililo zito zaidi ni kwamba lenzi hiyo haiwezi kupatikana kwa haraka. Hupimwa, hukerezwa, hujaribiwa, hurudishwa, hukerezwa tena, na bei yake huibeba kazi hiyo yote. Lenzi ya jicho zima hutolewa kiwandani kwa mamilioni na kutupwa jioni. Lenzi ya jicho gonjwa hutengenezwa moja, kwa ajili ya mmoja. Hapo ndipo haki ya mgonjwa ilipo katika hatari. Katika Afrika ya Mashariki, ambako watoto wengi huwashwa macho kwa mzio na kuyafikicha, jambo ambalo wataalamu hulihusisha na keratokonasi, mwanafunzi aonaye herufi zina vivuli huweza kupewa miwani moja baada ya nyingine, na mwisho akahesabiwa kuwa mvivu wa kusoma. Huenda kosa limo katika konea isiyofikia milimita moja ya unene, na huenda msaada wake ulikwisha kujulikana kabla babu yake hajazaliwa.

Historia hii ina funzo kwa wanafunzi wa mambo yote, wala si kwa waganga wa macho peke yao. Kwa miaka mingi wataalamu waliliacha gamba kubwa wakidhani kwamba umbo lake ni baya. Umbo lilikuwa jema tangu siku lilipopulizwa Wiesbaden. Lilikosa kitu cha kulifanyizia, na elimu ya kumwambia fundi jicho linahitaji nini. Fick aliuona ukungu akauandika, ingawa hakujua sababu yake, na ingawa ulilitia aibu chombo chake. Lau angeuficha, aliyekuja nyuma yake asingekuwa na cha kutafuta.